Mita Nyingi, Saa Chache

Meneja wetu alikuwa na tabia ya kusoma ripoti akiwa amesimama. Aliniambia wakati mmoja kwamba akiketi anaanza kuziamini. Asubuhi ile alisimama dirishani, katika ofisi yetu ndogo hapa mjini Machakos, milima ya Iveti nyuma yake ikiwa bado na ukungu. Akasoma karatasi ya kwanza, akaenda kwenye ya pili, kisha akarudi kwenye ya kwanza.

"Fundi," aliniita, maana ofisini sikuwa na jina jingine, "hawa watu wa Wamunyu ni trekta?"

"Kwa nini, madam?"

"Mita nyingi, saa chache. Angalia mwenyewe. Wamechimba matuta karibu kilima kizima. Lakini ukiangalia saa zao, watu wengi wanaenda nyumbani kabla jua halijakaza. Sasa ama hao ni trekta, ama kuna mtu anatuongezea mita, ama programu yako imelala."

Ofisi yetu husaidia vijiji kujenga mabwawa ya mchanga. Mito ya huku hujaa siku chache kwa mwaka, kisha hubaki njia pana za mchanga mkavu. Ukijenga ukuta wa zege kukatiza njia hiyo, mafuriko huleta mchanga na kuulaza nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii. Wafadhili hutoa simiti na vyuma. Wanakijiji hutoa mikono: kabla simiti haijaja, sharti wachimbe matuta kwenye vilima vinavyolisha mto, ili udongo mzuri usichukuliwe na maji. Wafadhili wanakaa mbali, na mikono hawaioni. Wanachoona ni saa zilizoandikwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha saa hizo zinaandikwa vizuri.

Sikuisomea kazi hii darasani. Nilikuwa fundi wa redio, baadaye wa simu, katika kibanda karibu na soko. Polepole niligundua kwamba simu nyingi nilizoletewa hazikuwa na ubovu wa vyuma, bali wa maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Nikataka kujua maagizo hayo yanaandikwaje. Vitabu nilivipata soko la Tala, kwenye marundo ya mitumba, kati ya sweta na mapazia. Kila kitabu nilikisoma mara mbili: mara ya kwanza haraka, nijue kinaelekea wapi, mara ya pili polepole, mkono mmoja ukiwa kwenye kibodi. Ndivyo ninavyosoma hadi leo.

Programu ya kusimamia miradi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya bure, iliyotengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mezani. Mimi niliikata na kuishona upya ili iwatoshe watu wanaoshika majembe. Kila kikundi kilipewa simu moja. Kwenye kioo chake palikuwa na picha za wanakikundi, zote zikiwa kijivu. Ukifika kazini unaigusa picha yako, inapata rangi, na saa yako inaanza kuhesabu. Ukimaliza kazi yako unaigusa tena, inarudi kijivu, saa inasimama. Nilijivunia sana jambo hilo. Hapakuhitajika kusoma wala kuandika, kila mtu anaujua uso wake.

"Mwisho wa mwezi natuma ripoti," meneja alisema. "Simiti iliyoko ni ya bwawa moja tu kabla ya mvua. Wale wa Yatta saa zao zimekaa vizuri. Nikituma hii vile ilivyo, simiti inaenda Yatta, na hawa wa Wamunyu wanabaki na jina baya. Kama kuna kosa, nionyeshe liko wapi."

Nilianza na kilicho karibu nami. Nilikagua saa ya ile simu kama inakwenda sawa na saa za wengine. Nilikagua kama kuna siku ambazo taarifa zilipotea njiani kwa kukosa mtandao. Nilichukua juma moja nikajumlisha kwa mkono, kwa kalamu, nikalinganisha na jumla ya programu. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilifurahi kama fundi yeyote anavyofurahi mashine yake isipokuwa na hatia, na furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoweka kalamu chini. Kama programu ilikuwa inasema kweli, basi ni wale akina mama wa kikundi cha Wamunyu waliokuwa wanasema uongo.

Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe kutumia ile simu. Sikuweza kuamini jambo hilo kabla ya kwenda kuangalia.

Kesho yake nilipanda bodaboda kutoka Wamunyu mjini hadi njia ilipokwisha, nikamalizia kwa miguu. Jua lilikuwa limeshakaza. Simu ya kikundi niliikuta mahali pake, chini ya mgunga, ikiwa imesimama kwenye kishikilio cha mti wa mukau. Mume wa mwanakikundi mmoja ni mchongaji, naye aliichongea simu ile kiti chake, chenye mgongo na miguu minne, akasema kitu cha ofisi hakikai chini.

Nilikitazama kioo. Picha zote zilikuwa kijivu, isipokuwa moja.

Kisha nikainua macho. Kilima kizima kilikuwa kimejaa watu. Majembe yalipanda na kushuka, udongo ukirushwa upande wa juu wa mtaro uwe tuta, kama tulivyowaelekeza, na upande mmoja walikuwa wanaimba, mmoja akianza na wengine wakipokea. Nilitazama tena simu. Kwa mujibu wa kioo, kilima kile kilikuwa na mtu mmoja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba simu imeganda. Niligusa picha yangu ya majaribio, ikapata rangi mara moja. Niligusa tena, ikarudi kijivu. Simu ilikuwa nzima.

Mwenyekiti wa kikundi aliniona, akashuka akipangusa mikono kwenye leso. Ni mama wa makamo kama mimi, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine.

"Fundi! Karibu. Umeleta simiti?"

"Bado, mama. Nimekuja kuuliza. Hawa watu wamemaliza kazi?"

"Wamemaliza kitambo."

"Na sasa wanachimba nini?"

Aligeuka kuwatazama, kana kwamba labda mmoja wao amefanya jambo la ajabu nyuma yake. "Si wanasaidia wale hawajamaliza?"

"Na kusaidia si kazi?"

Mama mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani, aliyekuwa mtaroni karibu nasi, aliegemea jembe lake akacheka. "Wewe fundi! Sasa nikisaidia mtu niende niandikishe kwa simu? Hiyo si kusaidia, hiyo ni kujigamba."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ningepaswa kuelewa mapema zaidi, maana mimi mwenyewe nimelelewa katika mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja ya kijiji: leo kwako, kesho kwangu. Kazi hugawanywa kwa kamba, kila mtu kipande chake, na urefu wa kamba ni mmoja kwa kijana na kwa mzee. Lakini hakuna anayekwenda nyumbani kipande cha mwisho kikiwa bado. Aliyemaliza huhamia kwa jirani yake bila kuitwa, na jirani hasemi kitu, husogea tu. Mimi niliwaambia, "Ukimaliza kazi yako, gusa picha yako." Walitii neno kwa neno. Kazi yako ni kipande chako. Kinachofuata ni cha mwenzako, na cha mwenzako hakiandikwi.

Kwa hiyo aliyekuwa hodari kuliko wote, aliyemaliza kipande mapema na kusaidia watu watano, ndiye aliyeandikwa saa chache kuliko wote.

"Na huyu ni nani?" niliuliza, nikionyesha ile picha moja yenye rangi.

Yule wa kitambaa chekundu alicheka hadi akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Picha ilikuwa ya susu, bibi mkongwe kuliko wote kikundini, ambaye kipande chake huwa cha mwisho kuisha kila siku tangu kazi ianze. Kwa hesabu za programu yangu, susu ndiye aliyekuwa mchapakazi wa kwanza wa bonde lile, na wengine wote walikuwa wanamfuata kwa mbali.

Habari hizo zilipanda kilima haraka kuliko mimi. Nilipofika juu, susu alikuwa ameshaambiwa, naye alikuwa amesimama na jembe lake mabegani kama askari.

"Ni kweli simu imesema mimi ni namba moja?"

"Ni kweli, susu."

"Mmesikia?" aliwaambia waliokuwa wakimchimbia kipande chake. "Ongezeni bidii. Namba moja anawaangalia."

Tulicheka sana. Kisha nilimvuta mwenyekiti kando nikamweleza lililonileta: simiti ya bwawa moja, Yatta, mwisho wa mwezi. Aligeukia bondeni. Chini yetu mto ulikuwa mchanga mtupu, na katikati ya mchanga niliona shimo ambalo wanachota maji kwa kikombe, kidogo kidogo, mpaka nalo likauke.

"Kwa hivyo hiyo karatasi inasema sisi ni waongo," alisema.

"Ndivyo inavyosomeka."

"Fundi, hilo shimo linabaki na maji ya wiki chache tu. Likikauka tunaenda mto ule mwingine, na kwenda ni kuamka ile saa jogoo hajaamka. Hawa wote wako hapa kwa sababu niliwaambia bwawa litakuja. Hawakuniuliza karatasi."

Nilikuwa na jibu tayari, nami nililitoa kwa ujasiri wa mtu aliyepata jibu rahisi. "Tutarekebisha. Kuanzia kesho, mtu asiguse picha yake mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Saa zote zitaingia."

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Hapana. Hiyo ni uongo ya upande ule mwingine. Wote tutakuwa sawa, aliyemaliza mapema na aliyechelewa, aliyesaidia na aliyesaidiwa. Hiyo karatasi itajuaje nani alikuja kwa nani?"

"Si mlisema kusaidia hakuandikwi?"

"Mwenyewe hajiandiki. Yule amesaidiwa ndiye anasema. Jioni kabla ya kufunga, kila mtu anasimama anasema, 'Kwangu alikuja fulani na fulani.' Hiyo tunafanya kila siku. Wewe ulikuwa unaenda mapema, hukuona."

Nilikaa chini ya mgunga na kijiti, nikachora kwenye udongo. Nilichora nyuso kwa miduara. Nikachora mstari kutoka uso mmoja hadi mwingine. Yule wa kitambaa chekundu aliinama akatazama, akauliza ule mduara mnene ni nani, nikasema ni yeye, akanirushia udongo. Lakini mchoro ulikuwa umesimama. Ukimaliza kipande chako, unagusa picha yako kama kawaida. Saa ya kipande chako inafungwa. Inafunguliwa nyingine, ya kusaidia, ambayo haina jina mpaka jioni. Jioni aliyesaidiwa anasimama kama desturi ilivyo, anataja waliokuja kwake, na katibu anazigusa picha zao na kuziunganisha na yake. Sikuwa nimebuni kitu. Nilikuwa nimeipa programu masikio ya kusikia kilichokuwa kikisemwa kila jioni.

Nyumbani nilifanya kazi kwa utaratibu wangu, hatua moja, jaribio moja. Sehemu iliyonisumbua haikuwa ya hesabu. Ripoti ingeonyesha picha ya mtu katikati na kuizungushia picha za waliomsaidia, na nilijua picha itakayozungukwa na nyuso nyingi kuliko zote ni ya nani. Nilimfikiria susu: leo namba moja, kesho mbele ya watu wote anaonyeshwa kwamba hawezi kazi bila wenzake. Nilifikiri nimfiche, nionyeshe waliosaidia tu na si waliosaidiwa. Nikaona pia kwamba nikifanya hivyo mwenyekiti ataniuliza tena nani alikuja kwa nani. Nikaiacha kama ilivyo, nikaenda nayo na wasiwasi wangu.

Jioni ya kwanza ya majaribio nilibaki hadi mwisho. Watu waliketi kwenye ukingo wa mtaro mpya, mmoja mmoja akasimama na kutaja. Katibu, mama mnyamavu mwenye miwani, aligusa picha kwa kidole kilichofutwa vizuri kwenye sketi. Susu alikuwa wa mwisho. Alitaja majina hadi akapumzika katikati, akaendelea.

Katibu alimletea simu aone. Kioo kilikuwa na uso wake katikati, na nyuso nyingine zimeuzunguka hadi hazikutosha, nyingine zimeingiliana. Nilitazama chini.

"Hawa wote?" aliuliza.

"Hawa wote, susu," katibu alisema.

"Wote wamekuja kwangu?"

"Ndiyo."

Aliishika simu mbali na macho, kisha karibu, kisha akaanza kuzunguka nayo akiwaonyesha. "Angalieni. Angalieni shamba langu lilivyojaa. Huyu nilimchimbia mama yake akiwa na mimba yake. Huyu nyanya yake alinichimbia mimi. Nyinyi wengine mko na watu wawili, watatu. Mimi? Angalieni!" Akanigeukia. "Fundi, hizi nyuso ni ndogo sana. Ongeza."

Nikaongeza. Ndilo badiliko la pekee katika ripoti ile ambalo sikulijaribu kwanza kwenye karatasi.

Juma lilipoisha nilizichapisha karatasi, nikampelekea meneja, naye akasimama dirishani kama kawaida. Safu ya kwanza ilikuwa saa za kipande cha mtu mwenyewe. Ya pili, saa za kusaidia. Ya tatu, jumla, na kando yake mita za juma hilo kama zilivyopimwa na afisa wetu wa shambani. Aligawanya kwa kikokotoo, akagawanya tena. Mita na saa zilikuwa zimepatana.

"Kwa hiyo majuma yale mengine yote walikuwepo," alisema.

"Walikuwepo. Tulikuwa tunahesabu nusu ya kwanza ya siku tu."

"Na huyu aliyezungukwa na uso wa kila mtu?"

Nikamweleza habari za susu, tangu namba moja hadi nyuso ndogo. Meneja alianza kucheka kimya, mabega tu, kisha akavuta kiti bila kukitazama. Aliketi. Alisoma karatasi zote tangu mwanzo akiwa ameketi, akiuliza huyu ni nani na huyu ni nani, nami nikamjibu kwa wale niliowajua. Alipomaliza alisema ataandika maelezo kwa wafadhili yeye mwenyewe, na kwamba watu wa Yatta watakuwa wa kwanza simiti nyingine ikija. Kisha akaniambia kitu ambacho bado kinanifurahisha: "Hii safu ya pili tuiweke kwa kila mradi. Yatta nao wanasaidiana, ni vile hawagusi simu kabla ya jioni."

Simiti ilifika Wamunyu kabla ya mvua. Siku ya kuchimba msingi mtoni, meneja alisema ofisi nzima itakwenda. Msingi wa bwawa unachimbwa mpaka mwamba, na kazi hugawanywa kwa kamba, kama kilimani. Katibu alitupiga picha, akatuingiza kwenye simu. Mwenyekiti alipima kamba yangu bila huruma.

"Fundi, mikono ni ya kuandika tu ama inaweza?" aliniuliza yule wa kitambaa chekundu, kipande chake kikiwa kando ya changu.

"Inaweza."

"Tutaona."

Niligusa picha yangu nikaanza. Nilikuwa na utaratibu: nichimbe kwanza pembe nne, kisha nielekee katikati, nisipoteze nguvu. Ulikuwa utaratibu mzuri, lakini mchanga haukuujua. Kila nilichokitoa kilirudi nusu. Nilipoinua kichwa mara ya kwanza, jirani yangu wa kulia alikuwa amefika kwenye mwamba. Nilipoinua mara ya pili, meneja alikuwa amefika kwenye mwamba, viatu mkononi, akinipungia. Mara ya tatu nilisikia mtu akikohoa juu yangu, na alikuwa susu. Hakuwa na kipande siku hiyo, alikuwa amekuja kuangalia tu.

"Namba moja," aliniita, na mto mzima ukacheka.

Kwenye kiti chake cha mukau, simu ilikuwa imegeuka kijivu yote, imebaki picha moja yenye rangi. Sikuhitaji kwenda kuitazama. Nilisikia miguu kwenye mchanga, mingi, ikija bila haraka, na majembe yakiwekwa ukingoni.

"Fundi," alisema mwenyekiti, "umemaliza?"

"Bado."

"Haya. Sogea kidogo."

Nikasogea.